Mafuta ya nywele: tuyagawe kwa mkunjo au kwa namna nywele zinavyokunywa maji?

Wanawake wanaotengeneza mafuta, sabuni na krimu za nywele kwa nazi, mwani na karafuu hapa Unguja na Pemba hawakosi kuulizwa na wateja swali hili: je, haya ni ya nywele za kipilipili au za mawimbi? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mtengenezaji mwenye sufuria mbili na mtaji mdogo atengeneze bidhaa ngapi.

Wanaotaka kila mkunjo uwe na bidhaa yake wana hoja nzito. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka kwa shida juu ya unywele uliojisokota, kwa hiyo ncha hubaki kavu, na kila kona ya msokoto ni mahali pepesi pa kukatika. Nyumbani kwetu Chake Chake tulikuwa tukipaka chupa moja ya mafuta ya nazi aliyoyapika mama, mimi mwenye nywele za kipilipili na dada yangu mwenye za mawimbi. Dada akipaka kijiko kimoja cha chai, nywele zilimgandia kichwani na mtandio wake ukalowa mafuta kabla ya adhuhuri. Mimi nikipaka kijiko hicho hicho, baada ya saa moja ncha zangu zilikuwa kavu kama makumbi. Asiyeiona tofauti hiyo hajawahi kusuka vichwa viwili vya nyumba moja.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kwamba umbo la mkunjo linatosha. Mgawanyo unaotumika zaidi duniani, wenye makundi manne na herufi ndani yake, ulianzishwa miaka ya 1990 na msusi wa Marekani, Andre Walker, na baadaye watumiaji wakauongezea matawi. Unaeleza jinsi nywele zinavyoonekana, lakini hausemi unywele unapokeaje maji. Watu wawili wenye kipilipili cha aina moja, mmoja akiwa amewahi kulainisha nywele kwa dawa, hawawezi kupewa chupa moja: za aliyelainisha hulowa upesi na kukauka upesi, na za mwenzake huacha maji yateleze juu kama kwenye jani la mgomba. Nao ule mtindo wa kutumbukiza unywele katika glasi ya maji ili kutazama kama utazama hauaminiki, kwa kuwa unywele wenye mabaki ya mafuta huelea tu.

Mafuta ya nazi yenyewe yana sifa isiyotegemea mkunjo. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa yanaweza kupenya ndani ya unywele. Ni haki kukumbusha kwamba watafiti hao walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi.

Kuna jambo lisilozungumzwa vya kutosha, nalo ni maji yetu na mavazi yetu. Mahali ambapo visima vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, maji huwa na chokaa nyingi. Sabuni ya kipande haitoi povu ila huacha utando juu ya nywele, na utando huo huzifanya nywele za kila aina zikwaruze. Kisha nywele mbichi hufunikwa kwa mtandio kutwa nzima katika hewa yenye unyevu, na ngozi ya kichwa ikaanza kuwasha. Shampuu isiyoshindwa na maji ya chokaa ingewasaidia wengi kuliko krimu tano za mikunjo mitano.

Upande wa usalama ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mafuta matupu hukaa muda mrefu, lakini krimu yenye maji, tui au ute wa mwani huoza isipotiwa kihifadhi. Niliwahi kutengeneza moja ya tui na mshubiri nikaitia katika kopo la zamani. Siku ya nane ilinuka uchachu na ilikuwa na madoa meusi chini ya kifuniko. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar husimamia pia vipodozi, chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2006, na kila mchanganyiko mpya ni kipodozi kipya kinachopaswa kuchunguzwa peke yake. Mafuta ya karafuu nayo, yakizidi, huiunguza ngozi.

Kwa hiyo ningemshauri mtengenezaji aanze na bidhaa mbili: mafuta mepesi kwa nywele nyembamba, na krimu nzito yenye kihifadhi kwa nywele zinazokauka upesi. Mkunjo aueleze katika maelezo ya matumizi yaliyobandikwa kwenye chupa: mwenye mawimbi apake matone machache kwenye ncha tu, na mwenye kipilipili agawe nywele mafungu, azipake zikiwa bado na umajimaji, kisha aziache zikauke kabla ya kujifunika.