Tunanunua Ferguson, tunaiendesha kama Fordson

Kila msimu wa kulima ukikaribia, picha ileile inarudi mashambani, na kila mara inanichoma. Trekta imesimama ukingoni mwa shamba, injini nzima, rangi bado inang'aa. Mbele imefungiwa jiwe kwa kamba ya katani ili pua isiinuke. Nyuma, juu ya plau ya sahani 3, amekalishwa kijana awe uzito wa kuishindilia plau ardhini. Mahali pa toplinki, ule mkono wa juu unaoishika plau, pana kipande cha nondo kilichochomelewa pete huku na huku. Muulize mwenye mali habari za mashine yake, atakujibu kwa fahari: "Hii ni HP 75."

HP, yaani nguvu za farasi, ndiyo inayouza matrekta, na ndiyo inayotawala hata historia yake inavyosimuliwa: injini moja baada ya nyingine, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. John Froelich, Iowa, 1892, injini ya petroli juu ya magurudumu, ikaenda mbele na ikarudi nyuma. Benjamin Holt, Stockton, California, 1904, magurudumu yakapisha minyororo. PTO, shafti ya nyuma inayoendesha vifaa vingine, ikaja kwenye trekta ya International 8-16 mwaka 1918, na Farmall ikaja 1924 ikiwa imeinuliwa juu ipite kati ya mistari ya mimea. Allis-Chalmers wakaweka matairi ya upepo mwaka 1932, na hilo nalikubali kabisa, maana magurudumu ya chuma yalikuwa yakila mafuta na kumvunja dereva mgongo. Wote hao wana haki yao. Lakini kilichoifanya trekta iwe trekta tunayoijua ni vyuma 3 vya nyuma na springi moja, na hivyo ndivyo tunavyoving'oa, tunavyovichomelea na kuvipuuza.

Tuanzie kwenye ugonjwa wenyewe. Fordson, trekta ya Henry Ford, ilipotoka mwaka 1917 ilikuwa nyepesi na ya bei ya chini, na ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Plau yake ilikokotwa nyuma kwa mnyororo au chuma kimoja, kama ilivyokokotwa na farasi. Sasa plau ikinasa kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yanagoma, lakini injini haijagoma. Nguvu ile lazima ipate pa kwenda. Kama gurudumu halizunguki, basi kiwiliwili cha trekta ndicho kinachozunguka juu ya ekseli: pua inapanda, inapita wima, na trekta inamlalia dereva. Wengi walikufa hivyo. Dawa iliyofikiriwa na watengenezaji wengi ilikuwa kuongeza uzito. Trekta nzito haipinduki upesi, lakini inashindilia udongo, inakunywa mafuta na inazama kwenye tope.

Harry Ferguson, mtoto wa mkulima kutoka County Down, Ireland, aliliangalia tatizo upande wa pili. Mwaka 1917 bodi ya kilimo ya Ireland ilimtuma azunguke kuwafundisha wakulima matumizi bora ya matrekta. Akazunguka na fundi wake, Willie Sands, na wote wawili wakaona kwamba shida haikuwa injini. Shida ilikuwa namna plau ilivyofungwa. (Sands anastahili kutajwa kila Ferguson anapotajwa. Michoro na vyuma vingi vilipita mikononi mwake, na vitabu vingi vinampitia juujuu.) Iliwachukua karibu miaka 20. Mwaka 1933 walikuwa na trekta yao ya majaribio, ile nyeusi. Mwaka 1936 Ferguson-Brown ikaanza kuuzwa. Oktoba 1938 Ferguson akaionyesha mashine kwa Henry Ford huko Dearborn, wakapeana mikono bila mkataba wa maandishi. Na Juni 1939 Ford 9N ikatoka ikiwa na mfumo wa Ferguson nyuma yake. Kupeana mikono kule kuliishia mahakamani baada ya mjukuu wa Ford kushika kampuni, na mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Wakati huo tayari alikuwa akitengeneza trekta yake mwenyewe, TE20, kule Coventry, Uingereza. Zilitoka zaidi ya 500,000 kati ya 1946 na 1956. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,100, na nguvu yake haikufika HP 30.

Sasa nenda nyuma ya trekta uchuchumae, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Mikono 2 ya chini inavuta. Mkono wa juu, yaani toplinki, hauvuti: unasukuma. Plau ikiwa ndani ya udongo, ardhi inaizuia kwa chini, kwa hiyo sehemu yake ya juu inataka kupinduka kuelekea mbele. Toplinki inalipokea sukumo hilo na kulipeleka kwenye mgongo wa trekta. Sukumo linafanya kazi 2 kwa wakati mmoja. Kwanza, linaigandamiza pua ya trekta chini. Nguvu ileile iliyokuwa ikiwaua madereva wa Fordson sasa inakaza magurudumu ya mbele ardhini. Pili, linaibana springi kuu, iliyokaa nyuma ya trekta pale toplinki inaposhika. Springi ikibanwa kidogo inasogeza fimbo, fimbo inasogeza vali ya pampu, oili inaingia kwenye silinda, na mikono ya chini inainua plau kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni vizuri. Mzigo ukipungua, springi inajirudi, oili inaachiwa, plau inashuka. Hayo yanaendelea mfululizo, mfuo mzima, bila dereva kugusa kitu.

Na kila plau inapobebwa hivyo, uzito wake pamoja na uzito wa udongo unaogeuzwa unahamia kwenye matairi ya nyuma. Ndiyo maana trekta ya tani 1 iliweza kulima kazi ya trekta nzito zaidi: plau yenyewe ndiyo iliyoipa uzito, na iliupa pale tu ulipohitajika. Plau ikigonga kisiki, springi inabanwa kupita kiasi, vali inaachia oili yote, uzito unaondoka kwenye matairi ya nyuma ghafla, nayo yanateleza na kuzunguka bure. Dereva anakanyaga klachi, anarudi nyuma, anainua plau. Yuko hai.

Hiyo ndiyo akili iliyomo kwenye trekta nyingi zinazolima kwetu leo, Massey Ferguson na zisizo Massey Ferguson, kwa kuwa karibu kila kampuni duniani iliufuata mfumo huo. Ukiweka nondo mahali pa toplinki, umeirudisha trekta mwaka 1917.

Kuna mahali hapa Tanzania ambapo imani ya nguvu tupu iligharimu sana. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga, Kongwa, 1947: zaidi ya ekari milioni 3 zilikusudiwa, mashine kubwa zikamwagwa, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta na kuitwa Shervick. Mizizi ikapinda vyuma. Udongo wa mfinyanzi ukakauka baada ya mvua ukawa kama saruji. Mpango ukafungwa mwaka 1951, na pauni takriban milioni 36 zikawa zimekwenda. Sisemi trekta ndogo za Ferguson zingeuokoa. Mvua za Kongwa hazidanganyiki kwa springi. Nasema kwamba nguvu isiyousikiliza udongo inashindwa na udongo, na springi ya Ferguson kazi yake ni kusikiliza.

Nakiri Ferguson hakupatia kila kitu. Kwenye TE20, ukikanyaga klachi, PTO inasimama na haidroliki nayo inakufa, maana pampu inaendeshwa na shafti hiyohiyo. Kwa kazi ya kukata majani au kuvuna ni kero kubwa. Cockshutt wa Kanada walishalitatua jambo hilo kwenye trekta yao ya 1946, PTO ikaendelea kuzunguka hata klachi ikikanyagwa. Ferguson alikuwa mbishi, na ubishi huo uliwachelewesha wateja wake.

Sasa kazi yenyewe. Anza na pini. Viungo vya nyuma vina saizi, nazo huitwa kategoria. Kategoria ya 1 ina pini za milimita 22 kwenye mikono ya chini na 19 juu. Kategoria ya 2 ni 28 na 25. Plau ya kategoria ya 1 ikifungwa kwenye trekta ya kategoria ya 2 bila bushi, panabaki uwazi wa milimita 6 kwenye kila pini. Springi badala ya kupokea sukumo la utulivu inapokea vipigo, na plau inarukaruka. Nondo nayo ina kosa lilelile na baya zaidi: toplinki inasukumwa, na nondo ikisukumwa inapinda. Haina pia skrubu ya kurefusha wala kufupisha, kwa hiyo hata ukitaka kuirekebisha plau huwezi. Toplinki halisi ina skrubu 2, moja ya kushoto na moja ya kulia, ukizungusha bomba la katikati ncha zote mbili zinatoka au zinaingia pamoja.

Lima mfuo wa kwanza, kisha tairi la kulia liingie ndani ya mfuo. Trekta italala upande. Zungusha mpini wa mkono wa chini wa kulia mpaka fremu ya plau iwe sawa na ardhi isiyolimwa. Tazama kwa ubavuni: sahani ya mbele ikichimba sana kuliko ya nyuma, refusha toplinki, ya nyuma ikizama zaidi, ifupishe. Minyororo ya pembeni iachwe ilegee kidogo, plau iweze kuyumba sentimita chache lakini isifike kwenye tairi.

Kisha liva. Kwenye nyingi ya trekta hizi ziko 2. Moja inashika kimo cha mikono: ni ya haro, ya kupanda, ya kusafirishia kifaa barabarani. Nyingine inausikiliza mzigo, na hiyo ndiyo ya plau. Liva ya kimo ishushwe hadi mwisho, halafu liva ya mzigo ishushwe polepole trekta ikiwa inatembea, mpaka plau ifike sentimita 15 hadi 20. Funga kizuizi hapo. Kila ukigeuka mwisho wa shamba, inua, geuka, rudisha liva kwenye kizuizi. Madereva wengi wameajiriwa miaka mingi bila mtu yeyote kuwaambia kwamba liva ya pili ni ya nini, na hilo si kosa lao. Ni kosa letu tunaowakabidhi funguo kwa kuwauliza tu kama wanajua gia.

Plau haiingii? Noa sahani. Zisimamishe wima zaidi, maana zikilala sana zinateleza juu. Funga vyuma vya uzito kwenye fremu kwa bolti. Plau ya sahani kwa kweli inategemea uzito, hilo ni halali. Kama ardhi bado ni kavu mno, subiri mvua.

Plau inarukaruka ingawa pini ni sawa? Zima injini, chomoa toplinki, shika uma unaoishikilia nyuma ya trekta, usukume na kuuvuta kwa mkono. Ukicheza, springi kuu imelegea. Fundi aikaze mpaka mchezo uishe. Usipocheza, angalia oili. Kwenye familia hii ya matrekta pampu imo ndani ya tumbo la giaboksi na inatumia oili ileile ya gia na difu. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Imwagwe yote, chujio lisafishwe, na usiiongezee mpya juu yake.

Na kama unataka kujua iwapo trekta yako inalima au inasugua tu, chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Plau ikiwa juu, tembea mizunguko 10 ya tairi, pima umbali. Tuseme mita 40. Shusha plau, lima mizunguko 10, pima tena. Ukipata mita 34, umeteleza asilimia 15, na hapo ndipo mwisho unaovumilika. Ukipata mita 28, unachoma mafuta na kukata tairi, na HP nyingine 20 zitaongeza kusugua tu.

Jiwe la mbele, basi. Uzito wa mbele una mahali pake: ukibeba kifaa kizito barabarani, angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki kwenye magurudumu ya mbele, la sivyo usukani hauna kazi. Uwe wa chuma na ufungwe kwa bolti. Lakini trekta inayoinuka pua wakati wa kulima inasema toplinki haifanyi kazi yake, au imefungwa vibaya.

Lililo baya kuliko yote ni mnyororo wa kung'olea kisiki kufungwa pale juu, kwenye uma wa toplinki, kwa sababu ndipo pameonekana pana tundu zuri. Ukivuta kutoka juu ya ekseli umeifufua Fordson. Trekta inapinduka nyuma kwa muda usiofika sekunde 2, mguu haujafika kwenye klachi. Mnyororo ufungwe kwenye chuma cha kukokotea, chini ya ekseli, gia iwe ya chini, klachi iachiwe taratibu. Na yule kijana ashushwe juu ya plau kabla ya mfuo wa kwanza. Sahani zile zinakata mizizi, na mguu wake uko sentimita chache tu kutoka zilipo.