Tulivyohamia Katikati, Nikaishia Bagamoyo

Mke wangu alipopata uhamisho wa kwenda kufundisha Bagamoyo, tulikuwa tunaishi Tabata, na mimi kazi yangu ni kushika funguo za stoo ya vipuri vya magari Kariakoo. Nasema kushika funguo kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Nisipofika, hakuna kinachofunguliwa. Lishike hilo, litatuumiza mbele.

Wiki ya kwanza Mama Nasra alikwenda na kurudi. Ijumaa aliingia ndani saa mbili usiku, miguu imevimba, akakaa kwenye kochi na viatu vyake, akasema, "Baba Nasra, tuhame." Sikubisha. Ubishi ulianza nilipouliza tuhamie wapi.

Yeye alitaka Bagamoyo kwenyewe: samaki wabichi, upepo, nyumba nzima kwa kodi ya vyumba viwili vya Tabata. Nikamkumbusha kuwa hata Wajerumani waliweka makao makuu yao Bagamoyo, na mwaka 1891 wakafungasha virago wakahamia Dar es Salaam. Akasema, "Wale hawakuwa na wake wanaofundisha Bagamoyo," akaendelea kukaanga maandazi. Mimi nikapendekeza Tegeta. Akasema Tegeta ni Dar, sasa hapo tutakuwa tumehama nini? Shemeji yangu naye, mtu ambaye ukimweleza tatizo lolote ana kiwanja cha kulitatua, akatuletea Kigamboni. "Si mnataka pwani? Ile nayo pwani." Nikamwambia Bagamoyo iko kaskazini na Kigamboni iko ng'ambo ya maji, kwa hiyo dada yake atavuka pantoni usiku, alikate jiji zima, ndipo aanze safari. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini kina hati."

Ndipo nikatoa wazo ambalo mpaka leo naambiwa lilikuwa langu: tuishi katikati, kila mtu ateseke sawa. Nikachukua atlasi ya Nasra na uzi wa cherehani. Kwenye atlasi ya shule ya msingi, Dar na Bagamoyo zimeachana kwa ukucha mmoja wa kidole gumba. Katikati ikawa nusu ukucha, na ndani ya nusu ukucha hiyo mliingia Bunju, Mapinga, Kerege na kipande kikubwa cha Bahari ya Hindi. Tukahamia kwenye ramani ya simu. Toka Kariakoo mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70, gawa kwa mbili, ukaangukia Bunju. Kodi za Bunju zikatushinda, tukasogea kidogo, tukavuka mto Mpiji unaotenganisha Dar na mkoa wa Pwani, tukapata nyumba Mapinga. Mama mkwe alipopewa habari kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Mmegawana barabara kama watu wa mirathi," akasema.

Dalali alituapia kuwa toka kwenye nyumba hadi lami ni dakika tano. Tulikuja kugundua alizipima juu ya bodaboda. Akasema na bahari ipo hapo tu. Nina miezi minane Mapinga, bahari nimeiona mara mbili, mara zote mbili nilikuwa nimekwenda Bagamoyo.

Sasa kilomita zina ujanja wake. Za Mama Nasra zilikuwa mashamba, minazi na upepo. Anapanda gari, anakaa, nusu saa na dakika kadhaa yuko shuleni. Zangu zilikuwa na Boko ndani yake, na Tegeta, na Africana, na Lugalo, na Mwenge, halafu hiyo barabara yenyewe walikuwa wanaichimba kwa ajili ya mwendokasi. Magari yanayotoka Bagamoyo yanafika Mapinga yameshajaa, konda ananing'inia mlangoni anakuambia nafasi ipo. Wiki mbili nilisimama shingo upande, kichwa kimeegemea kwapa la mtu nisiyemjua, mpaka Makumbusho. Na hapo bado kuna daladala ya Kariakoo.

Watu wa Dar wanajua dawa yake. Unapanda gari linalokwenda kinyume, unalipa nauli, unafika nalo mwisho wa safari umeshika siti, unageuza nalo. Wenzangu wa mjini hugeuza vituo viwili vitatu. Mimi niligeuza na wilaya nzima. Kila siku alfajiri, saa kumi na moja na robo, nilikuwa napanda gari la Bagamoyo na mke wangu, yeye anashukia kituo cha shule, mimi naendelea hadi stendi, nalipa tena, naegemea dirisha, nalala. Nikiamka ni Mwenge. Ukitaka kunielewa tazama hivi: tulihamia katikati ili nisiende Bagamoyo, na kila siku nilikuwa naanzia Bagamoyo.

Mambo yakaenda vizuri hadi Jumanne moja.

Mama Nasra alikuwa mwalimu wa zamu, amelala saa nne usiku anasahihisha mitihani ya Kidato cha Pili. Tulikuwa na mabegi mawili meusi ya mgongoni, tuliyauziwa na machinga mmoja siku moja, mawili kwa bei ya moja na nusu, na nilijisifu sana siku ile. Garini tukayaweka miguuni. Giza bado. Konda akaita kituo, mke wangu akanyakua begi, akashuka. Mimi nikageuza, nikalala.

Nilipoamka Makumbusho nilitia mkono nitoe sarafu za daladala, nikatoa kalamu nyekundu. Nikatia tena, nikatoa chaki. Nikafungua begi lote: mitihani, mtandio, karanga. Moyo ukaenda mbio. Nikachukua simu kumpigia mke wangu nimlaumu. Begi likaanza kuita.

Konda akaniambia, "Mzee, simu yako inaita."

"Najua. Ni mimi ninayepiga."

Alinitazama kwa huruma, akasogea mbali kidogo. Nikapiga tena, nadhani kwa kutoamini. Nilipiga mara saba. Mara ya saba chaji ya simu yake ikaisha, na hapo nikawa nimejikatia njia pekee, maana miaka yote ya ndoa Mama Nasra hajawahi kuijua namba yangu kwa kichwa. Mimi kwake ni jina tu, "Baba Nasra", analibonyeza linaita. Namba anayoikumbuka ni ya kwake mwenyewe.

Bosi akapiga.

"Uko wapi? Vijana wako nje, wateja wako nje, kufuli nne zinanitazama."

"Niko Makumbusho, bosi."

"Na funguo?"

"Funguo ziko Bagamoyo."

Kimya. "Zimefuata nini Bagamoyo?"

Hilo swali sikuwa na jibu lake, na leo pia sina. Nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi.

Hapa niseme ukweli. Kilichonikimbiza zaidi hakikuwa funguo. Kwenye mfuko mdogo wa mbele wa begi langu, nyuma ya kopo la ugali na dagaa, kulikuwa na mkeka. Si mkeka wa kulalia. Mkeka wa kubeti, timu saba, na mwezi Machi nilikuwa nimeapa mbele ya mama mkwe kwamba mambo hayo nimeyaacha.

Kumbe huko Bagamoyo Mama Nasra naye alikuwa amefungua begi mbele ya wanafunzi arobaini na kitu, akitaka kurudisha mitihani, akatoa bonge la funguo na shati langu la akiba. Darasa likacheka. Akaazima simu ofisini, akaipigia namba pekee aliyoikumbuka, akaambiwa haipatikani. Akajua mume wake leo atafukuzwa kazi. Akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akapanda gari la Dar aniletee funguo.

Tulipishana Boko. Upande wake kulikuwa na foleni, gari limesimama, nikaona ushungi wa bluu ninaoujua dirishani. Nikapiga kelele. Akageuka, akaniona, akainua begi juu kama kombe. Gari langu lilikuwa linatembea, likampita. Nikashuka kituo kilichofuata, nikavuka mbio, nikadandia gari la Dar nimfuate.

Yeye naye akashuka, akavuka mbio, akadandia gari la Bagamoyo anifuate.

Tukapishana tena. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa kwenye foleni. Nilimwona anakuja, nikatoa kiwiliwili nje ya dirisha nikapaza sauti, "Shuka nyumbani! Nyumbani!" Gari lake lilipunguza mwendo, konda wake akatoa kichwa: "Anasemaje?" Abiria wangu wakaitikia kwa pamoja, maana kufikia hapo gari zima lilikuwa limeshajua habari zangu: "Nyumbani!" Yule konda akaingiza kichwa ndani, akakitoa. "Mama anauliza wewe au yeye?" Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu na kapu la kuku akajibu kwa niaba yangu, "Wote wawili, mbona mnatuchelewesha!"

Nikamkuta Mapinga kituoni, amekaa kwenye benchi la muuza vocha, begi langu mapajani. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelipa nauli tano na kufika mahali nilipoamkia. Tukabadilishana mabegi. Nilijifanya nakagua funguo, mkono ukapita kwenye mfuko wa mbele. Mtupu.

Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Nikampigia bosi kuwa naja, akaniambia ameshakata kufuli, gharama tutaelewana mwisho wa mwezi. Gari la Bagamoyo likasimama, likiwa tupu, Mama Nasra akapanda, nami nikapanda nyuma yake nikakaa. Tulikuwa tumefika Kerege ndipo nikakumbuka kuwa saa saba mchana magari ya Dar hayana abiria, siti zinakungoja wewe, hakuna sababu ya kugeuza na chochote. Miguu tu ilikuwa imezoea.

Konda alikuwa yule yule wa alfajiri. Akanyoosha mkono wa nauli, akanitazama, akautazama ubao wa gari lake, akanitazama tena. "Mzee, umehamia humu?"

Mama Nasra ndipo akafungua pochi yake. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu, akailaza juu ya goti langu akainyoosha kwa kiganja kama anavyofanya daftari la mtoto mkaidi. Ulikuwa mkeka wangu, umesahihishwa. Vema tatu, mikasi minne, kwa wino mwekundu. Walimu wa kiume walimsaidia matokeo. Juu kulia ameandika 3/7 na kupiga mstari chini yake. Pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Hafifu. Mzazi afike shuleni."

"Nani mzazi?" nikauliza.

"Mama yangu," akasema. "Anapanda gari kesho asubuhi."