Elimu ya uraia Illinois: sheria ilipita, mzigo umebaki kwa nani?

Mwaka 2015 jimbo la Illinois lilipitisha sheria inayomtaka mwanafunzi wa sekondari asome angalau muhula mmoja wa elimu ya uraia kabla ya kuhitimu. Kabla ya hapo alichodaiwa ni kufaulu mtihani wa Katiba ya Marekani na ya jimbo, mtihani ambao shule nyingi ziliuchomeka tu ndani ya kipindi cha historia. Sheria hiyo haikutoka Washington. Elimu Marekani ni shughuli ya majimbo, na sheria za shirikisho zinaikataza serikali kuu kuzipangia shule mtaala. Anayetaka somo hili libadilike hana budi kubisha hodi kwenye bunge la jimbo, akimaliza moja aende jingine.

Waliobisha hodi Springfield, makao makuu ya Illinois, walikuwa kundi la mchanganyiko: walimu, wakuu wa shule, wahadhiri, asasi za kiraia, wabunge wa vyama vyote viwili, na Wakfu wa Robert R. McCormick wa Chicago. Kikosi kazi kilichoundwa na bunge kilitoa ripoti yake mwaka 2014. Mwaka uliofuata muswada ukapita katika bunge lenye Wademokrati wengi, na Gavana Bruce Rauner, Mrepublican, akautia saini. Kumbuka kwamba mwaka huohuo pande hizo zilishindwa kukubaliana bajeti ya jimbo, mgogoro uliodumu hadi 2017. Watu walioshindwa kuelewana juu ya mishahara na mikopo ya jimbo walielewana juu ya somo la uraia. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya muungano mpana: hakuna aliyeweza kusema muswada ule ni wa chama fulani.

Na haukuwa muswada mwepesi. Sheria inataja mambo manne ambayo somo lazima liwe nayo: taasisi za serikali, mijadala ya masuala ya sasa yenye ubishani, huduma kwa jamii inayofungamana na masomo, na maigizo ya michakato ya kidemokrasia. Chukua hilo la mwisho. Darasa linageuka bunge, kamati moja inapokea muswada wa kuwapunguzia wanafunzi nauli ya treni. Aliyeuandika anaulizwa fedha zitatoka wapi, hana jibu, muswada unarudishwa. Anakuja tena na hesabu zake, lakini ili apate kura inabidi akubali punguzo liwe la watoto wa familia zenye kipato cha chini tu. Unapita kwa tofauti ya kura mbili, na waliozipiga ni wawili waliompinga mwanzoni. Mtoto huyo hahitaji tena kukaririshwa maana ya marekebisho ya muswada. Sisi tuliokariri mihimili mitatu ya dola, Serikali, Bunge na Mahakama, tukaiandika kwenye mtihani na kuisahau, tunaijua tofauti.

Lakini hoja za upande wa pili ni nzito, na ya kwanza ni fedha. Illinois ina zaidi ya wilaya 800 za shule, karibu kila moja na bodi yake iliyochaguliwa na wakazi. Wajumbe wa bodi hizo hawalipwi, na wengi wao wamechoka kupokea amri kutoka Springfield zisizoambatana na hela. Sheria ya 2015 haikutenga fungu. Ilichosema ni kwamba wilaya zinaweza kutumia fedha binafsi pale zinapopatikana. Wakfu wa McCormick na wenzake ndio waliobeba mafunzo ya walimu kwa miaka mitatu ya mwanzo, wakawaandaa walimu washauri wa kuwasaidia wenzao katika maeneo yao. Kazi hiyo ilikuwa njema, nami naisifu bila kusita. Hata hivyo mkosoaji ana haki ya kuuliza: ni sawa somo la demokrasia likategemea hazina ya taasisi ambayo hakuna mpiga kura aliyeichagua? Na ikifunga mkoba? Mwaka 2019 bunge liliongeza sharti la muhula mmoja kwa darasa la sita hadi la nane, maana yake walimu wengine wengi walihitaji kuandaliwa upya.

Hoja ya pili ni siasa darasani. Mzazi anayeogopa mwalimu atamgeuza mwanawe mwanaharakati hapaswi kubezwa. Mwaka 2021 Texas ilipitisha sheria inayozuia shule kumpa mwanafunzi alama kwa kazi ya kuwashawishi wabunge au kufanya utetezi wa sera. Naiona imekwenda mbali mno, kwani inamnyima mtoto kujifunza jambo ambalo Katiba yenyewe inalilinda, yaani haki ya kuiomba serikali irekebishe lililoharibika. Ila wasiwasi ulioizaa ni wa kweli, na muungano wowote unaoupuuza utakuja kuumia.

Massachusetts ilijaribu kuujibu. Sheria iliyosainiwa na Gavana Charlie Baker mwishoni mwa 2018 inazitaka shule za umma ziwape wanafunzi wa darasa la nane na wa sekondari mradi wa uraia unaoongozwa na wanafunzi wenyewe, usioegemea chama. Asiyetaka mradi wa darasa anaruhusiwa kuandaa wake binafsi. Kifungu hicho kidogo kina uzito, kwani kinamwacha mtoto wa mzazi mwenye msimamo tofauti ajifunze stadi ileile bila kubebeshwa bango la mwenzake. Tena jimbo hilo lilianzisha mfuko maalumu wa kuzisaidia shule.

Wapo wanaosema shida yote hii ya nini, toeni mtihani. Arizona, mwaka 2015, ilikuwa ya kwanza kumtaka mwanafunzi ajibu maswali 100 yaliyokuwa ya mtihani wa uraia wa wahamiaji wakati huo na apate angalau 60 ndipo ahitimu. Njia hii ni rahisi, haigharimu sana, na mtoto wa kijijini anaulizwa anachoulizwa wa mjini. Hilo la usawa silidharau. Lakini familia zinazozungumza Kiswahili zilizofika Illinois kupitia kambi kama Nyarugusu na Kakuma zinaujua mtihani huo vizuri, kwa sababu wazazi huusomea wenyewe wanapoomba uraia. Wanajua maseneta ni 100. Kinachowatatiza ni mambo ya jirani zaidi: nani aliamua basi la shule lisipite mtaani kwao, na malalamiko yanapelekwa kikao gani. Majibu hayo yako kwenye bodi ya shule, inayochaguliwa Aprili ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, tena na watu wachache mno. Mtihani wa maswali 100 haufiki huko.

Je, kuna ushahidi kwamba sheria hizi zinafanya kazi? Mtihani wa kitaifa wa uraia kwa darasa la nane mwaka 2022 ulionyesha ni asilimia 22 tu waliofikia kiwango cha umahiri, na wastani ulishuka kwa mara ya kwanza tangu upimaji huo uanze mwaka 1998. Takwimu hiyo ni ya nchi nzima na ilichukuliwa baada ya shule kufungwa kwa UVIKO, kwa hiyo si haki kuitumia kuihukumu Illinois wala kuitetea.

Funzo lililo wazi zaidi naliona Florida. Huko Bob Graham, seneta mstaafu wa Mdemokrati, na Lou Frey, mbunge mstaafu wa Mrepublican, waliunganisha nguvu, na mwaka 2010 jimbo likapitisha sheria ya elimu ya uraia yenye jina la Sandra Day O'Connor, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Marekani, yenye mtihani unaochangia asilimia 30 ya alama za somo. Miaka 12 baadaye, semina za walimu zilizoandaliwa na serikali ya jimbo zilizua malalamiko, baadhi ya walimu wakisema zilielemea upande mmoja zilipozungumzia utumwa na dini. Sheria iliyozaliwa na vyama viwili ilibaki palepale, huku yaliyomo yakiachiwa mamlaka iliyopo madarakani.

Ndiyo maana siungani na wanaodhani kazi ya muungano huisha gavana anapotia saini. Huu wa Illinois una mambo mawili ya kudai bungeni, na yote yanawezekana. La kwanza ni fungu la kudumu katika bajeti kwa mafunzo ya walimu wa uraia, lianzie wilaya zenye mapato madogo ya kodi ya majengo, maana huko ndiko somo linaporudi kuwa karatasi ya kujaza nafasi. La pili ni kifungu cha mradi binafsi kama cha Massachusetts, kiandikwe ndani ya sheria na kisiachwe kwa hisani ya mwalimu, ili mzazi mwenye hofu apate pa kushika.