Kitana Kwanza, Mashine Baadaye

Mtu anapoamua kumtunza mbwa wake mwenyewe nyumbani, kifaa cha kwanza anachonunua mara nyingi ni mashine ya kunyolea, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea. Kinachostahili kutangulia ni kitana cha chuma chenye meno marefu, ambayo upande mmoja yameachana na upande wa pili yamekaribiana. Brashi hulainisha na mashine hupunguza, lakini kitana ndicho kinachokueleza hali halisi ya manyoya kuanzia ngozini hadi nchani.

Nililijua hilo kwa njia ambayo bado inaniuma. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa na manyoya marefu, laini kama pamba, nami nilimpiga brashi kila baada ya siku mbili nikiridhika na jinsi alivyong'aa. Jioni moja nilipokuwa nikimpapasa, vidole vyangu viligusa kitu kigumu nyuma ya sikio, kikubwa kama mbegu ya embe. Lilikuwa fundo la manyoya yaliyosongamana, ambalo brashi yangu ilikuwa imepita juu yake kwa wiki kadhaa bila kulifikia. Nilichukua mkasi wa jikoni, nikalivuta fundo lile, nikakata. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, na fundo linapokaza huivuta ngozi hiyo na kuiinua hadi ndani yake, kwa hiyo nilichokata hakikuwa manyoya peke yake. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi tatu. Kwa miezi mingi baada ya hapo, kila aliponiona nimeshika mkasi, hata ule wa kukatia karatasi, aliinuka na kuondoka chumbani.

Tangu siku hiyo sitii mkasi kwenye fundo. Ninalishika karibu na ngozi kwa vidole viwili ili mvuto usimfikie mbwa, kisha ninalifungua kuanzia nchani kwa jino la mwisho la kitana, kidogo kidogo, nikirudi nyuma kuelekea ngozini. Fundo likikataa kabisa, hapo ndipo mashine ina kazi yake, kwa sababu wembe wake hupita chini ya fundo ukiwa umelala juu ya ngozi. Wembe namba 10, ambao huacha manyoya ya takriban milimita 1.5, ndio ninaouona kuwa salama zaidi kwa mtu asiye na uzoefu.

Brashi nayo haifai kuchaguliwa kwa kutazama sura yake dukani. Mbwa mwenye manyoya mafupi na laini hahitaji zaidi ya brashi ya mpira, na ukimpitishia ile yenye vijisindano vya waya utamchubua bure. Vijisindano hivyo vinamfaa mwenye manyoya marefu au ya kujikunja, kama vile Poodle, mradi uyagawe manyoya kwa mistari na kupiga brashi tabaka kwa tabaka, huku ukiiona ngozi katika kila mstari. Ukimaliza, pitisha kitana. Kikipita bila kukwama nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na chini ya mkanda wa shingoni, basi kazi imekamilika. Kikikwama, brashi ilikuwa imepita juu juu tu.

Haya yote yafanyike kabla ya kuoga. Maji hulikaza fundo, na likikauka huwa gumu maradufu. Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa kuwa ngozi yake haina kiwango cha asidi kama cha ngozi ya binadamu, na shampuu zetu huikausha.

Kuhusu mashine, nina ombi moja kwa wenye mbwa wa tabaka mbili za manyoya, kama Husky na German Shepherd: msiwanyoe kwa kudhani mnawapunguzia joto. Tabaka la juu huwakinga na jua, na likinyolewa huenda lisiote tena kama lilivyokuwa. Kinachowasaidia ni kuondolewa manyoya ya ndani yaliyokwisha kufa, kwa kitana chenye umbo la reki. Kwa mbwa wengine mashine ni halali, ila wembe wake hupata moto haraka kuliko tunavyofikiri. Mimi huugusisha kwenye kifundo cha mkono wangu kila baada ya dakika chache, na nikihisi joto huuzima, nikaupaka mafuta na kuuacha upoe.

Kucha ndizo zinazowatia watu hofu, na hofu hiyo ina msingi, maana ndani ya ukucha kuna nyama yenye mshipa wa damu. Katika ukucha mweupe nyama hiyo huonekana kwa wekundu wake. Katika ukucha mweusi, kata vipande vyembamba mno na utazame uso uliokatwa baada ya kila kipande: kitone cheusi kikianza kujitokeza katikati, acha hapo. Kikatio kiwe kikali, kwani kilicho butu huuminya ukucha kabla ya kuukata, na maumivu hayo ndiyo yanayomfanya mbwa auvute mguu. Weka karibu unga wa kuzuia damu, au wanga wa mahindi usipokuwa nao. Usiusahau ukucha wa pembeni, ule usiogusa ardhi, kwa sababu haulikwi na mwendo na unaweza kujikunja hadi ukachoma nyama.

Mbwa niliye naye sasa ninamkata kucha mbili kwa siku, sizidishi. Siku ya kwanza sikukata hata moja: nilimshika mguu tu, nikakigusisha kikatio kwenye ukucha, nikampa kipande cha nyama, nikamwachia aende zake.