Akili Mnemba na Malezi ya Wakuu wa Hesabu

Ninafanya kazi ya uhasibu nchini Uingereza, taaluma niliyoanza kuisomea Tanzania, na kila ninapozungumza na wahasibu wenzangu wa nyumbani huulizwa kama akili mnemba itatunyang'anya kazi. Kwa ninavyoyaona mambo nikiwa huku, hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine: zinazoondoka kwanza ni kazi za ngazi ya chini, na humo ndimo wakuu wa hesabu walimokomaa siku zote.

Uingereza ilijiandaa kwa hili pengine bila kukusudia. Tangu Aprili 2019, biashara zinazovuka kiwango cha usajili wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) zimetakiwa kutunza kumbukumbu kidijitali na kuwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi, kwa kutumia programu. Kumbukumbu zikishakuwa katika mfumo, si kazi ngumu kwa akili mnemba kusoma ankara, kuiingiza kwenye akaunti na kuioanisha na taarifa ya benki. Kijana aliyeajiriwa jana anakuta yote hayo yamekwisha kufanywa, na anachoombwa ni kuidhinisha tu.

Chukua ankara ya matengenezo makubwa ya mtambo. Programu inaweza kuiingiza katika mali za kudumu, ambazo gharama yake hugawanywa kwa miaka kadhaa, kwa sababu kiasi ni kikubwa na jina la mtambo limo kwenye rejesta. Mhasibu aliyewahi kushika hati zenyewe atauliza kwanza: kimebadilishwa kipuri kikuu kitakachotumika kwa miaka kadhaa, au mtambo umehudumiwa tu uendelee kufanya kazi kama kawaida? Ikiwa ni huduma ya kawaida, hiyo ni gharama ya mwaka huu, na faida iliyoripotiwa imezidishwa. Swali hilo halimjii mtu ambaye hajawahi kusumbuka na leja isiyokubali kuoana.

Huku tayari wamelipa bei kubwa kwa kuuamini mfumo kuliko mtu. Mfumo wa kompyuta wa Horizon uliokuwa ukitumiwa na shirika la posta haukuwa akili mnemba, lakini ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na wasimamizi wa matawi zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hukumu nyingi kwa pamoja. Ninaitaja habari hii kila tunapozungumzia uongozi katika fani yetu, kwa sababu kilichokosekana kwa miaka mingi ni wakubwa wenye ujasiri na ujuzi wa kuuliza takwimu ile imetoka wapi.

Nyumbani tuna nafasi ambayo huku inapotea haraka. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zipo tangu 2010, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba teknolojia haijatufikia. Hata hivyo, katika ofisi nyingi hati ya malipo bado inapita mikononi mwa watu ikiwa na viambatisho vyake, na mhasibu mdogo anajifunza kutambua sahihi isiyo ya kawaida, tarehe iliyotangulia zabuni au bei isiyolingana na oda. Ni kweli utaratibu huo unachelewesha malipo, na sishauri tuung'ang'anie. Ninachokipinga ni kuufuta kwa siku moja kwa sababu tu programu imenunuliwa, kisha kupunguza nafasi za vijana na kuita hatua hiyo ufanisi.

Mkurugenzi wa fedha anayetaka kupata mrithi amwachie mwanagenzi asuluhishe hesabu za benki za miezi michache kwa mkono wake, yaani aioanishe leja na taarifa ya benki, kisha ayalinganishe majibu yake na ya programu, na kila tofauti aieleze kwa maandishi mbele ya mkuu wake. Saa hizo ziingizwe kwenye bajeti ya mafunzo tangu mwanzo wa mwaka, sambamba na leseni ya programu yenyewe.