Akina mama wa Wajir na mipaka ya nguvu ya raia

Vita vikipamba moto mahali, iwe Sudan au Kivu, mashariki mwa Kongo, swali huwa lile lile: mtu wa kawaida, asiye na jeshi wala cheo serikalini, afanye nini? Wako wanaojibu kwamba hana la kufanya ila kumwomba Mungu, kwa sababu vita huanzishwa na wakubwa na humalizwa na wakubwa. Wengine wanasema amani yote iko mikononi mwa wananchi, wakikataa vita basi havipiganwi. Naona majibu yote mawili yamepungukiwa, na mahali pazuri pa kuyapimia ni Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, miaka ya 1990.

Mwanzoni mwa miaka hiyo balaa liliingia Wajir kutoka pande zote. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, na bunduki zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. Ukame ukamaliza mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukafanya kila kiti cha ubunge kugombewa kiukoo. Koo za Kisomali za Waajuran, Wadegodia na Waogaden zikaingia katika mauaji na kulipizana kisasi. Serikali yenyewe haikuaminika: watu hawakuwa wamesahau Wagalla, uwanja wa ndege ambako wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Kidegodia Februari 1984 na kuwaua.

Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, aliwahi kusimulia usiku mmoja aliojificha na mwanawe uvunguni mwa kitanda huku risasi zikipita. Kulipokucha mama yake akamkumbusha kwamba naye alimficha Dekha vivyo hivyo akiwa mtoto, enzi za vita vya Shifta, vita vya miaka ya 1960 vya kutaka kuitenga kaskazini-mashariki na Kenya. Dekha na wenzake walipoanza kutafuta amani, hawakuanza na maandamano. Mazungumzo yalianzia arusini, wanawake wa koo mbalimbali wakiulizana hali hii itaendelea mpaka lini. Kutoka hapo wakaenda sokoni.

Sokoni ndiko uhasama ulikoonekana kwa macho. Mama wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule, wala hanunui kwake. Mwaka 1993 wanawake hao wakaunda kikundi cha kulisimamia soko, wa koo zote pamoja, kuhakikisha kwamba yeyote anaweza kuuza na kununua bila kusumbuliwa, na ugomvi ukizuka wanausuluhisha hapo hapo.

Ni jambo dogo ukilisikia, lakini hebu tuangalie jinsi vita vya aina ile vinavyoendeshwa. Mpiganaji wa ukoo si askari wa mshahara. Anakula nyumbani kwao, anapashwa habari na shangazi zake, akijeruhiwa dada yake humficha, na akirudi na ngamia wa wizi kuna jamaa wa kuwapokea. Hata moyo wa kupigana hupewa na nyumbani, na hapo wanawake nao hawakosi lawama, maana anayemkejeli kijana kwamba ni mwoga mara nyingi ni mama au dada. Nyumba na soko vikijitoa, kijana huyo hana tena ghala la kuchota. Walichokigusa akina mama wa Wajir ni kiungo chenyewe cha vita, na ndiyo maana siwezi kuwakubalia wanaosema raia hana nguvu.

Hawakuishia hapo. Waliwaendea wazee, na mikutano ikasimamiwa na wazee wa koo ndogo zisizokuwa na kesi na mtu. Septemba 1993 likatoka Azimio la Al Fatah lililoweka masharti ya kuishi pamoja. Vijana wakaundiwa kikundi chao. Ikaundwa pia timu ya wazee, wanawake, viongozi wa dini na maofisa wa usalama ya kukimbilia eneo la tukio: akiuawa mtu, timu inafika kabla kisasi hakijapangwa. Mwaka 1995 kamati ya amani ikaingizwa rasmi katika mipango ya maendeleo ya wilaya, na baadaye kamati za namna hiyo zikaenea Kenya. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka mwishoni mwa 2007, Dekha alikuwa Nairobi pamoja na kina Bethuel Kiplagat, mwanadiplomasia wa zamani, wakikusanya kwa simu habari za mahali ambapo moto ulikuwa unakaribia kuwaka.

Sasa wanaopinga. Wanasema kwanza kwamba bila mkuu wa wilaya aliyekubali kushirikiana, kamati isingefika popote. Ni kweli, na waanzilishi wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana waliitafuta serikali badala ya kuikimbia. Wanataja pia Bagalla, huko huko Wajir, Oktoba 1998, wafugaji wa Kidegodia walipouawa kwa wingi na wanamgambo waliotoka nje ya wilaya, na mapigano ya Wadegodia na Wagarre, ukoo mwingine wa eneo hilo, ya mwaka 2014. Wauaji wa Bagalla hawakuwa na mama katika soko la Wajir. Nguvu ya kamati iliishia pale undugu na biashara vilipoishia.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya haki. Kisasi kilizimwa kwa diya, yaani fidia ya damu, na Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya jamii za kaskazini mwa Kenya, likaiandika: mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Malipo hutolewa na ukoo mzima, na aliyefyatua risasi huweza kubaki huru, akikutana na mjane kisimani. Watetezi husema polisi hawafiki huko, shahidi haji mahakamani, na kungoja hukumu ya hakimu wakati vijana wanasafisha bunduki ni kuita mauaji mapya. Nawaelewa, lakini faida ya kuokoa wa kesho imelipiwa na mjane wa jana, naye hakuulizwa. Lingine ni posho. Kamati iliyoanza kwa watu kujitolea, fedha za wafadhili zikiingia, huvutia wanaotafuta kikao kuliko wanaotafuta amani.

Tuvuke hadi Kivu, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni pia. Waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, mwishoni mwa Januari 2025, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Tangu 2024 kundi hilo linashikilia Rubaya, penye machimbo ya koltani, madini yanayotumika kutengenezea simu na vifaa vya elektroniki. Mpiganaji anayelindwa na kodi ya koltani hategemei chungu cha mama yake. Akina mama wa Goma wakisusa soko, watalala njaa wao na watoto wao, na bunduki itabaki pale pale. Kumwambia mkimbizi wa Kivu kwamba amani inaanza na yeye ni kumwongezea mzigo usio wake. Huko raia mwenye nguvu ni yule aliye mbali, katika nchi ambako koltani hiyo huuzwa na ambako serikali zinazosaidia pande za vita hupigiwa kura.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kufanya kitu ni hili: wapiganaji hawa wanakula wapi? Kama ni nyumbani kwetu, kazi ni yetu: kutosambaza uvumi wa damu katika makundi ya simu, kutomficha aliyeua kwa sababu ni wetu, kununua kwa jirani wa kabila lile siku ambayo wengine wanamsusa. Kama wanakula kwa madini, kazi ihamie kwa mnunuzi na kwa mbunge. Na kule Wajir kwenyewe, diya ikishalipwa, faili la mauaji lisifungwe. Wazee wengi watalipinga hili, kwa kuwa aliyelipa mifugo 100 haoni sababu ya kumtoa tena kijana wake. Ni mazungumzo magumu, lakini waliowahi kuwaketisha Waajuran na Wadegodia pamoja mwaka 1993 walianza na magumu zaidi ya hayo.