"Ongeza bidii" na mtoto anayejifunza tofauti

Katika ripoti za shule zetu za msingi kuna maneno mawili ambayo mwalimu huyaandika mkono ukienda wenyewe: "Ongeza bidii." Mimi nimeyaandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Desemba moja, nikiwa nafundisha darasa la tatu lenye watoto 87, niliyaandika kwenye ripoti ya kijana mmoja ambaye ukimwambia asome, anasoma. Kitabuni palikuwa na picha ya mtu ameinama na jembe, naye akatiririka kwa sauti ya kujiamini: "Baba analima shamba." Kilichoandikwa pale kilikuwa "Mzee Juma anapanda mihogo." Nikafungua ukurasa mwingine, nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja. Akaliendea kwa kidole, silabi kwa silabi: sa... ma... ki. Zote sahihi. Haya, neno gani hilo? "Samahani." Darasa likaangua kicheko, naye akacheka nao. Nikaamini ananifanyia mzaha.

Juu ya watoto kama huyu kuna ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaotaka mtoto apimwe mapema, tatizo lake lipewe jina, apelekwe panapomfaa. Wapo wanaosema jina hilo litamganda hadi uzeeni, na kwamba kinachotakiwa kurekebishwa ni ufundishaji, mtoto hana kosa. Nimekaa kwenye semina na vikao vya kamati ya shule nikisikia hoja za pande zote mbili, na kwa nyakati tofauti nimezitetea zote mbili. Kinachonikera ni kwamba wote hubishana kana kwamba mtoto huyo leo hana jina. Analo: mzito, kilaza, mtundu, mtoro. Utambuzi unafanyika kila siku darasani, ila unafanywa kwa jicho na kwa hasira, na hauandikwi popote isipokuwa kwenye yale maneno mawili.

Nianze na wanaotaka vipimo. Kenya ilianzisha vituo vya upimaji wa kielimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, miaka miwili kabla ya kuanzishwa kwa chuo cha elimu maalumu cha KISE. Kazi ya vituo hivyo ni kumpima mtoto mapema, kumshauri mzazi na kumtafutia mtoto shule. Kwetu Tanzania zipo shule zenye historia ndefu: Buigiri kule Dodoma kwa wasioona, Tabora na Buguruni kwa viziwi, Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ambako wasioona na wanaoona wanasoma pamoja. Walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa Patandi, Arusha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wengine.

Halafu kuna suala la mitihani, ambalo wapinga vipimo hulipita haraka. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyeona huletewa karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu huletewa yenye maandishi makubwa. Hayo yote hupangwa kwa orodha ya usajili. Mtoto ambaye hakuna aliyeandika ana nini ataandika mtihani kwa muda uleule wa wenzake, na huruma ya msimamizi siku hiyo haina dakika za kumwongezea. Sasa sikiliza Baraza linapotangaza idadi ya watahiniwa hao: wasioona, wenye uoni hafifu, wenye uziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye ulemavu wa viungo. Kijana wangu wa samaki hayumo. Macho yake mazima, masikio mazima, akili yake inamzidi mwenzake wa dawati kwenye hesabu za mdomo. Kinachomshinda ni kuziunganisha zile silabi zikawa neno kwa kasi ambayo kichwa kinahitaji ili kuelewa.

Wataalamu wanaiita hali hiyo disleksia (sisemi alikuwa nayo, hakuna aliyempima), na kwa Kiswahili ina ujanja wake wa kujificha. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Ukishajua ba, be, bi, bo, bu, unaweza kutamka neno lolote hata usipolielewa. Katika lugha zenye maandishi ya namna hiyo, Kiitaliano na Kifini kwa mfano, imeonekana kwamba mtoto mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana herufi, anachelewa. Anasoma sahihi kwa mwendo wa kinyonga. Mwalimu mwenye watoto 87 anasikiliza usahihi, maana kasi inahitaji kumsikiliza mmoja mmoja. Kwa hiyo mtoto anapita. Chati ya silabi ameikariri, imla ananakili kwa jirani, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi una maswali mengi ya kuchagua jibu.

Kisha anafika kidato cha kwanza, Kiingereza ndiyo lugha ya masomo, na maandishi yenyewe hayatabiriki: though, through, cough, tough, herufi zilezile za "ough" na sauti nne. Hapo ndipo ukuta unaporomoka. Lakini nani atauona ukiporomoka? Kidato cha kwanza wote wanahangaika na Kiingereza. Mwenye tatizo la kusoma na asiye nalo wanakaa benchi moja, wanapata alama zilezile, na wote wanaandikiwa kwamba lugha imewashinda. Kwa mfumo kama huu, anayetaka kumjua mtoto wa aina hii lazima amjue akiwa bado kwenye Kiswahili, yaani darasa la pili au la tatu, kwa kuangalia kasi na uelewa badala ya kusikiliza kama ametamka. Hoja ya kupima mapema, kwangu mimi, hapa ndipo penye nguvu zake zote.

Nguvu hizo hupungua ukiuliza kipimo kinapima nini. Marekani walijifunza hilo mahakamani. California ilikuwa ikiwapeleka watoto kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili kwa kutumia vipimo vya akili, na Weusi walikuwa wengi mno humo kuliko idadi yao shuleni. Katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles, hukumu ya mwaka 1979 ilikataza vipimo hivyo kutumika kuwaweka watoto Weusi kwenye madarasa hayo. Kipimo kilikuwa kinapima mtoto alikotoka.

Kwetu tusijidai. Mtoto wa kijijini Bariadi ambaye nyumbani ni Kisukuma asubuhi hadi usiku anaingia shule inayofundisha kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza mwalimu anamwambia "chora duara," anabaki ametoa macho. Wiki ya sita bado anasubiri aone mwenzake anafanya nini ndipo aige. Ukimpima hapo kwa Kiswahili utapata mtoto mwenye ugumu wa kuelewa maelekezo, na kwa namna fulani utakuwa umesema kweli. Mpime kwa Kisukuma, atakuhesabia ng'ombe wa baba yake kwa rangi na kwa majina ya mama zao. Njaa nayo ina sura ya uzito wa akili kuanzia saa nne asubuhi.

Mwaka mwingine nilikuwa na binti niliyemwita mkaidi. Ukimwita yuko dirishani, hageuki. Siku mama yake alipokuja kwa ajili ya michango ya uji, akasema kwa kupita tu kwamba masikio ya mwanawe yamekuwa yakitoa usaha tangu akiwa mdogo. Nikamsogeza dawati la mbele. Hakuwa mkaidi, na hakuhitaji kitengo. Alihitaji mganga wa zahanati na mwalimu anayeongea akiwa amemtazama.

Nimetaja kitengo. Kwa asiyejua, ni lile darasa la elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida. Nimeona vitengo vinavyofanya kazi ya ajabu kwa vifaa vya kuokoteza. Nimeona pia kitengo kilichogeuka bohari: usonji, uziwi, kifafa na utoro vyote chumba kimoja, umri kuanzia miaka 7 hadi 16, mwalimu mmoja aliyesomea fani moja. Wanaoogopa majina wanaogopa mlango wa chumba hicho, maana kuingia ni rahisi na sijaona wengi waliotoka. Jina lisilofuatwa na huduma ni tusi lenye mhuri.

Huduma nayo ikifungwa kwenye jina, yanakuja mengine. Huko England, sheria ya mwaka 2014 ilileta mpango wa kisheria kwa kila mtoto mwenye mahitaji makubwa, na kwa kuwa msaada mzito umefungwa kwenye karatasi hiyo, wazazi wanaipigania hadi kwenye mabaraza ya rufaa. Anayeshinda ni mwenye muda, lugha na uvumilivu wa kuandika barua. Hebu nihamishe hilo hadi kwa mama ntilie wa Mbagala mwenye mtoto darasa la pili.

Sasa, ukiwasikiliza wapinga majina, watakuambia: fundisha wote vizuri, utaona "matatizo" mengi yakiyeyuka. Wana ushahidi wa kuwatosha. Zambia ina programu ya Catch Up, iliyochukua njia ya shirika la Pratham la India. Watoto wa darasa la 3 hadi la 5 wanapimwa kwa karatasi moja: herufi, maneno, aya, hadithi. Kisha kwa muda fulani wa siku wanagawanywa kwa walipofika katika kusoma, bila kujali darasa lao. Hakuna anayeitwa mlemavu, hakuna anayehamishwa chumba kwa kudumu. Karatasi ya namna hiyo si ngeni kwetu. Watu wa Uwezo, utafiti uliopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipita nayo nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakatuonyesha watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Tulilalamikia matokeo wiki mbili, tukaendelea na mambo mengine.

Ninaegemea huku, ila si kote. Njia hii ni chekeche nzuri ya kwanza: wale waliokuwa nyuma kwa sababu ya utoro, lugha au msongamano wanapanda ndani ya miezi michache. Wanaobaki juu ya chekeche baada ya kufundishwa vizuri, katika kundi dogo na kwa kiwango chao, ndio wa kupelekwa kwa mtaalamu. Kwa wachache hao jina lina kazi, na mtaalamu mmoja wa wilaya anaweza kuwafikia. Ukimletea orodha ya watoto 400 "wazito" utakuwa umemnyima hata pa kuanzia.

Hata hivyo, macho na masikio hayasubiri chekeche. Chati ya E ya kupimia macho, kamba ya mita sita, na mwalimu anayesimama nyuma ya mtoto na kutamka maneno kwa sauti ya chini: hayo ni ya wiki ya kwanza ya darasa la kwanza, na hayahitaji mfadhili. Kwa mtoto kiziwi, mahubiri ya kuwachanganya watoto wote yananitia mashaka zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai elimu jumuishi, na ibara hiyohiyo ya 24 inadai mtoto afundishwe kwa lugha inayomfaa. Mtoto kiziwi aliyekaa katikati ya watoto 80 na mwalimu asiyejua hata alama ya "maji" amejumuishwa kwenye dawati tu. Viziwi wengi wazima wanazitetea shule zao kwa sababu huko ndiko walikoipata lugha.

Fedha nitazisema kwa ufupi kwa sababu hesabu yake ni fupi. Ruzuku ya uendeshaji tangu elimu bila ada imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Mashine moja ya kuandikia nukta nundu huwezi kuinunua kwa ruzuku ya darasa zima. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi umeandikwa vizuri, nimeusoma. Mwalimu mkuu akishamaliza kuusoma, anarudi kwenye ankara ya maji.

Kitu ambacho hakina gharama ni daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto anayesumbuka kusoma: anasoma maneno mangapi kwa dakika, nyumbani wanaongea nini, anaona wapi ubao, nilijaribu nini kuanzia lini, kikasaidia au hakikusaidia. Ukurasa huo umfuate mtoto darasa hadi darasa, kituo cha upimaji wakitaka waukute. Wapo watakaosema hilo nalo ni jina. Labda, ila linaweza kufutwa kwa kalamu.

Januari, mwalimu aliyempokea yule kijana darasa la nne alinisimamisha kwenye korido, ripoti yangu mkononi. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu hasa ana shida gani?" Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima. Nikamwambia anapenda mzaha.